Kunyonyoka Si Kukatika: Miaka Yangu ya Kusuuza Vichwa

Wiki iliyopita niliingia saluni moja hapa Bungoma kumsalimu binti wa jirani yangu, aliyeanza kazi hiyo juzijuzi tu. Nikamkuta amemlaza mteja kwenye sinki, anamsuuza kichwa kama mtu anayeosha karoti za kupeleka soko la Kitale. Anafikicha, anakunja, anaminya, anakamua! Nilisahau kwamba nimestaafu. Nilisahau hata salamu iliyonipeleka.

"Wee mtoto, acha!" nikapiga kelele. "Hizo ni nywele, si tambara la kupigia deki!"

Mteja akashtuka, povu likamwingia machoni, na binti wa watu akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Baadaye, mteja alipokwisha kuondoka, akaniuliza kwa upole, "Kukhu, bibi yangu, kwani kusuuza nako kuna kanuni? Si ni maji tu?"

Maji tu! Wajukuu zangu, maji hayohayo nusura yanifukuzishe kazi, yavunje arusi, na yamtoe machozi mama mmoja niliyedhani hana machozi. Kwa hiyo binti yule nikamwambia nitamwandikia yote, yeye na wenzake wote mnaosimama nyuma ya viti vya saluni na magoti bado mazima. Yangu yamekataa. Lakini kichwa kinakumbuka, na nikianza kukumbuka hata chai inapoa.

Mimi ni Selina Nanjala, mzaliwa wa Matulo. Baba yangu alikuwa dobi kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la mahindi nje kidogo ya Kitale, nasi watoto tulikulia nyuma ya kamba za nguo. Kazi ya kufua alitupa wote, lakini kusuuza hakumpa mtu mpaka amkague mikono.

"Kufua ni nguvu," alikuwa akisema. "Mtu yeyote ana nguvu, hata punda. Kusuuza ni akili. Sabuni ikilala ndani ya nguo, inakula nguo."

Mnajua alivyopima kama sabuni imetoka? Alilamba! Alichukua pindo la mkono wa shati la bwana, akaligusisha ncha ya ulimi, akasikiliza ulimi unasema nini. Ukiwa mchungu, shati linarudi majini. Siku moja bwana mwenyewe alimkuta analamba shati lake la kwendea kanisani, akasimama palepale mdomo wazi. Baba akamsalimu kwa heshima zote, akaendelea kulamba. Nami nikajifunza, na bahati yangu yote ilianzia kwenye ulimi huo, kama mtakavyoona.

Aliyeniandika kazi ya nywele alikuwa Bibi Filomena, Mgoa, mke wa karani wa reli. Alikuwa na chumba kimoja mjini Kitale, mbele ya nyumba yao: kiti kimoja, kioo kimoja, beseni la bati nyeupe juu ya kigoda, na jagi. Kwenye pembe ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa la maji ya mvua. Wateja walikuwa wake za walowezi, Wagoa, Wahindi wenye maduka. Mama zetu wakati ule wengi walinyoa au waliweka nywele fupi; habari za chanuo la moto zilikuja baadaye. Bibi Filomena aliniona nikisuuza mashuka kwa Baba, akasimama kunitazama muda mrefu, halafu akasema, "Weye msichana iko mikono taratibu. Kuja kwangu."

Mikono taratibu, ndiyo. Akili bado. Katika mwezi wangu wa kwanza alikuja mke wa mkulima mmoja, mama mnene mcheshi, nywele zake nyekundu kama udongo wa Kitale. Siku zile shampuu za chupa zilikuwa adimu, kwa hiyo Bibi Filomena aliosha nywele za namna ile kwa mayai. Alivunja mawili, akayapiga kwenye bakuli, akampaka mama yule kichwa kizima na kukisinga vizuri, halafu akaniambia, "Selina, suuza," akaenda kumfungulia mtu mlango.

Ilikuwa Julai. Nyinyi mnaijua baridi ya Kitale ya Julai. Nikamhurumia mgeni. Nikachukua birika kutoka jikoni, nikachanganya maji ya moto kwa huruma ya ajabu, nikammiminia.

Yai likaiva.

Nawaambia liliiva! Kichwani! Nikaona vitu vyeupe na vya manjano vinafura katikati ya nywele, na harufu ya jiko la asubuhi ikajaa chumba. Nikamimina zaidi ili viondoke, vikazidi kukomaa. Bibi Filomena aliporudi alishika mdomo kwa mikono miwili. Tulikaa tangu saa tatu hadi adhuhuri tukichambua mayai kwa meno ya kitana, na kila tulipovuta kipande, nywele mbili tatu zilikifuata. Mama yule, Mungu ambariki, alicheka mpaka kiti kikatetemeka. Alisema akifika nyumbani atamwambia mumewe kwamba leo ameshakula.

Tangu siku hiyo sijapata kumwagia mtu maji kabla ya kuyamimina kwenye kifundo cha mkono wangu, upande wa ndani, pale ngozi ilipo nyepesi. Yakikuunguza wewe hapo kidogo tu, kichwa cha mwenzio hayafai. Mtu asiwadanganye kwamba maji ya moto sana yanasafisha zaidi. Yanaikausha ngozi na kuziacha nywele hoi.

Basi nikazoea. Nikawa hodari, na hodari ni mtu wa hatari. Nilikuwa na mtindo wangu: nazikusanya nywele zote juu ya utosi kama kiota, nafikicha povu, namimina jagi la kwanza, namimina la pili, nakamua, natia taulo. Majagi mawili tu! Wateja walisifu wepesi wangu. Kitale mtindo ule ulifanya kazi, na mimi nikadhani ni ustadi. Kumbe ustadi ulikuwa wa tangi. Maji ya mvua ni laini, hayapigani na sabuni. Ukiyamimina kidogo yanaibeba yote.

Halafu, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha miaka michache, mume wa Bibi Filomena akahamishiwa stesheni ya Bungoma. Bibi akaniambia, "Tunaenda?" Nikaruka kwa furaha, maana ni jirani na kwetu. Tukapanda lori na kiti chetu na kioo chetu kimefungwa ndani ya godoro, tukapitia Kamukuywa kwa vumbi lisilo na mwisho. Bungoma tukapata chumba karibu na stesheni. Hakukuwa na tangi. Kulikuwa na kisima nyuma ya nyumba, maji yake mazuri ya kunywa, baridi, matamu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Hapo ndipo Jasu anapoingia.

Jasu alikuwa binti wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, msichana wa miaka kumi na minane, mwembamba, mwenye kicheko cha kuambukiza. Nywele zake zilifika chini ya kiuno. Nyeusi ti! Nilipozishika mara ya kwanza nilihisi kama nimeshika kamba ya mtu tajiri. Alikuwa amechumbiwa, arusi ilikuwa baada ya mavuno, na alitaka kuoshwa kisasa, kwa sabuni ya manukato, kwa Bibi Filomena. Mama yake hakupenda. Tangu Jasu alipokuwa mtoto, mama alimwosha nyumbani kwa ritha, zile kokwa kavu ambazo Wahindi huziloweka usiku kucha zikatoa povu. "Ba ni mtu wa zamani," Jasu aliniambia huku akicheka. Ba ndivyo alivyomwita mama yake. Sisi tulimwita Mama Jasu.

Akaja Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kufikia ya nne nikaona beseni limejaa nywele. Si zile chache za kawaida zinazozunguka majini kama nyuzi. Ni fundo! Nikalizoa haraka nikalitia mfukoni mwa aproni kabla mtu hajaona. Jumamosi iliyofuata fundo likawa kubwa zaidi. Mfuko ukanilemea kuliko jiwe.

Wiki ya sita Mama Jasu akaingia mwenyewe, mfupi, ameshika mwavuli, nyuma yake Jasu macho mekundu. Akafungua karatasi juu ya kiti. Ndani yake zilikuwa nywele alizookota kwenye mto, kwenye kitana, kwenye sakafu. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta ya duka, lakini siku ile kilinyooka kama mshale.

"Wewe Selina namwaga maji, nywele ya mtoto yangu naenda na maji! Miezi miwili, arusi nakuja. Watu ya bwana arusi natoka mbali. Mimi naambia yeye nini? Bibi arusi kipara?"

"Mama, mimi nasuuza tu," nikasema.

"Ndiyo! Hii suuza yako! Kwa mimi yeye nakaa miaka kumi na minane, nywele hapana toka. Kwa wewe wiki sita, basi!" Akamgeukia Bibi Filomena. "Huyu kama nabaki hapa, mimi nasema kwa mama yote ya Bungoma."

Alipokwenda, Bibi Filomena alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Selina," akasema, "yeye akisema, sisi kwisha."

Nikalia, sikatai. Lakini katikati ya kulia kwangu nikakumbuka jambo. Jasu aliwahi kuniambia kwamba kabla ya kuanza kuja kwetu alilala wiki tatu na homa kali ya matumbo, hajitambui, daktari akiingia na kutoka. Nikamwambia Bibi. Akainua uso.

"Homa?" akasema. "Selina! Mimi nilipozaa mtoto ya pili, miezi mitatu baadaye nywele yangu ilitoka, ilitoka, mimi nasema nakufa. Halafu nakoma yenyewe. Mwili ikishtuka, nywele naanguka baadaye. Ni homa! Si weye!"

Tukashikana mikono tukaruka kama wasichana wa shule. Ni homa! Nimesalimika! Lakini nilipokwenda kumwaga maji machafu, nikatoa lile fundo la mfukoni nikalitazama juani. Na hapo, sijui kwa nini, nikafanya alivyofanya Baba. Nikachukua unywele mmoja nikaugusisha ulimi.

Mchungu! Sabuni tupu!

Nikachukua mwingine. Mchungu. Nywele zilizosuuzwa na mimi mwenyewe, majagi mawili, zikasifiwa, zilikuwa zimelaliwa na sabuni. Nikazisugua kati ya vidole, zikatoa kitu cheupe kama unga, na mmoja ukakatika kwa kunigusa tu. Wajukuu zangu, furaha ya dakika tano ilinitoka kama hewa kwenye gurudumu la baiskeli.

Jumapili nikapanda gari la moshi hadi Webuye, nikatembea hadi Matulo. Baba alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, mzee wa mashamba yake. Hata salamu ya "mulembe" hatukuimaliza, nikamwonyesha. Akalamba, akatema, akauliza swali moja.

"Maji ya wapi?"

"Kisima, Baba."

"Na Kitale?"

"Tangi."

Akacheka mpaka nikaona pengo lake. "Maji ya kisima yana mawe ambayo huyaoni. Yanashikana na sabuni, yanakuwa utando. Umeona beseni lako lina mstari mweupe kandokando?" Nilikuwa nimeuona kila siku, na kila siku nimeusugua bila kuuliza. "Sasa huo mstari uko kwenye kila unywele. Nywele zinakuwa kavu, zinashikana, halafu wewe unazikunja juu kama kiota, unakamua, unachana. Si zitakatika? Shuka zenyewe hukatika."

"Nifanyeje?"

"Suuza mara nyingi, acha maji yashuke, usikamue. Na maji ya mwisho tia siki. Kidogo, kijiko kwenye jagi. Siki inafukuza utando. Ati hukuona mimi nikitia siki kwenye sweta za mke wa bwana? Ulikuwa unaangalia nini, bana?"

Nilirudi Bungoma moyo unakwenda mbio kushinda gari la moshi lenyewe. Sasa nilikuwa na watuhumiwa wawili: homa na mimi. Nani ndiye? Nikamwambia Bibi Filomena, "Tumgawe kichwa."

"Nini?"

"Nusu tumwoshe kama zamani. Nusu kama Baba alivyosema. Tuone."

Jasu aliposikia alipiga makofi. Alikuwa amechoka kulia, na mtu aliyechoka kulia hupenda mchezo wowote. Alimwomba mama yake kwa siku mbili, na mama akakubali kwa sharti kwamba atakaa palepale kutazama. Akaja Jumamosi na mwavuli wake, akakaa pembeni.

Tukampasua nywele katikati kwa mstari mnyoofu, kutoka paji la uso hadi kisogoni, tukafunga upande mmoja. Upande wa kushoto nikauosha kwa mtindo wangu wa sifa: kiota, majagi mawili, kamua. Upande wa kulia nikamlaza kichwa nyuma, nywele zikaning'inia zote moja kwa moja ndani ya beseni, nikamimina maji ya vuguvugu kuanzia kwenye paji kuelekea kisogoni, polepole, vidole vyangu vikifungua njia kwenye mizizi. Jagi baada ya jagi. Nikimimina nasikiliza. Ndiyo, nasikiliza! Unywele uliotoka sabuni hulia chini ya kidole, kwii, kama mbao mpya. Ulipolia, nikamimina lile la mwisho lenye siki, nikazibana tu kwa taulo bila kuzisugua. Kila upande tukachana kuanzia nchani kwenda juu, na kilichotoka tukakitandaza juu ya kitambaa cheupe, kushoto mbali, kulia mbali.

Bibi Filomena akaleta kioo cha kukuzia, ambacho mumewe alikitumia kwa stempu zake. Tukainama wote wanne vichwa vikagongana.

Na tukaona! Nilihisi kama nimefunguliwa dirisha. Nywele zilikuwa za aina mbili. Zingine zilikuwa ndefu, nzima, na kwenye ncha moja zina kijichwa cheupe, kidogo mno, kama kiberiti cha sisimizi. Hizo zimetoka kwenye ngozi na mzizi wake. Zimenyonyoka. Zingine zilikuwa vipande, fupi na ndefu, hazina kijichwa popote. Hizo hazikutoka kwenye ngozi. Zimekatika njiani.

Tukahesabu. Zenye vijichwa zilikaribia kulingana, kushoto na kulia. Lakini vipande! Kulia vilikuwa vichache vya kutafuta. Kushoto vilikuwa rundo.

"Mara moja inaweza kuwa bahati," akasema Bibi Filomena. Tukarudia Jumamosi ya pili na ya tatu, na safari ya tatu tukabadilisha pande ili mtu asiseme upande wa kushoto ni dhaifu kwa asili. Vipande vikahama pamoja na mtindo wangu! Jasu alicheka, Bibi alicheka, mimi nilicheka nusu kisha nikaacha, kwa sababu nilikuwa nimeelewa maana yake.

Homa ndiyo iliyonyonyoa. Mimi ndiye niliyekata.

Hapa nataka msome polepole, maana wengi wenu mnachanganya mambo haya mawili mpaka leo. Unywele wenye kijichwa ulikuwa umekwisha kuaga kabla hujaugusa. Hata usipoosha, utaanguka kesho kwenye mto. Ukikaa mwezi hujaosha kwa kuogopa, utaona fundo kubwa siku utakayoosha, ukadhani maji yameua, kumbe maji yamebeba tu waliokufa zamani. Mtu hupoteza kadhaa kila siku na hakuna ubaya. Lakini kipande kisicho na kijichwa, hicho ni mkono wako. Muulize mkono wako. Na nyinyi mnaoshika nywele zetu wenyewe, msidhani hadithi ya Mhindi haiwahusu: za kwetu zimejikunja, na kila kona ya unywele ni mahali pa kukatikia. Nilipoanza kuwaosha walimu wa kike waliochoma nywele kwa chanuo la moto, nilimimina taratibu mara mbili zaidi kuliko kwa Jasu.

Tunarudi. Jumamosi ile ya tatu Mama Jasu alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani, nasi tunamngoja. Bibi Filomena akanivuta nyuma ya pazia.

"Sema ni homa," akaninong'oneza. "Homa tu. Ni kweli, si uongo. Homa hapana mdomo, haitakataa."

"Na vipande?"

"Vipande yeye naona, lakini maana yake weye unajua, mimi najua, basi. Sasa unasuuza vizuri. Nani naumia?"

Nawaambia ukweli, nilitaka kukubali. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Mama Jasu akaingia, akasimama mbele yangu. Macho yake yalikuwa na woga, si hasira. Ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba mama huyu hakuwa mkali. Alikuwa na hofu tangu mwanzo, hofu ya kumpoteza mtoto aliyenusurika kifo, ambaye sasa anaendelea kumponyoka unywele kwa unywele.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtoto. "Nyingi ni homa. Hizo zitakoma zenyewe. Lakini hizi fupi, hizi ni mimi. Nilisuuza vibaya. Sabuni ilibaki, nikakamua, zikakatika. Ritha yako haishikani na maji ya kisima, ndiyo maana kwako hazikukatika. Ulikuwa na haki."

Bibi Filomena akafumba macho. Mama Jasu akanitazama, akatazama kitambaa, akakichukua kioo akakagua mwenyewe, upande huu na upande huu. Kisha akamsogelea binti yake kumfunika kichwa, nami nikaona kitu.

"Ngojeni!" nikapaza sauti. "Mama, tazama hapa! Kwenye paji!"

Kando ya mstari wa paji, kati ya nywele ndefu, vilikuwa vimesimama vinywele vipya, vifupi, vyeusi, vingi, kama mbegu za wimbi zinapochipua shambani baada ya mvua ya kwanza. Pembe zote mbili. Nikageuza kichwa cha Jasu dirishani: na nyuma ya masikio pia! Mama Jasu akavigusa kwa kidole kimoja. Akavigusa tena. Machozi yakamshuka, mama yule wa mwavuli, akayafuta kwa pembe ya sari, akamshika binti mkono, wakatoka.

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Wateja wa Kihindi hawakuonekana. Bibi Filomena hakunilaumu kwa maneno, lakini alifagia chumba kisicho na uchafu mara tatu kwa siku, na kila nilipomwita aliitika "Hm." Nikaanza kukunja nguo zangu kidogokidogo, nikijua Matulo kuna mashamba na mimi nina mikono.

Ikabaki wiki moja arusi ifike. Asubuhi moja, tumefungua tu, Mama Jasu akaingia peke yake. Akauweka mwavuli chini. Akaweka mezani mtungi wa maji ya rangi ya chai, unatoa povu ukingoni. Ritha, imelowekwa. Kisha akakaa kwenye kiti chetu, akaanza kuchomoa pini, moja, mbili, tano, na nywele zake zikateremka. Nilikuwa sijapata kuziona. Zilikuwa za mvi nusu, na zilipita kiti.

"Anza na mimi," akasema. "Kama yangu hapana katika, mimi najua."

Niliyamimina maji kwenye kifundo changu mara tatu kabla sijaamini kwamba ni ya vuguvugu. Nikamlaza nyuma. Nikapaka ritha yake, nikamimina kutoka kwenye paji, polepole, na yeye akafumba macho. Chumba kizima kikawa sauti ya maji tu. Nikamimina mpaka unywele ukalia, kwii, na yeye mwenyewe akausikia, akatabasamu macho yamefungwa. Nikazibana kwa taulo. Nikachana kutoka nchani. Nikatandaza kitambaa.

Aliinama juu yake muda mrefu. Zilikuwa nywele saba. Akazigeuza moja moja kwa ncha ya kucha. Zote zilikuwa na vijichwa vyeupe. Kipande hata kimoja hakikuwapo.

Mama Jasu akanyanyuka, maji bado yakimdondoka mgongoni, akageukia mlango akaita kwa lugha yao neno moja tu.

Na Jasu, ambaye kumbe alikuwa amesimama barazani muda wote ule, akaingia anakimbia, na kabla hajakifikia kiti alikuwa amekwisha fungua nywele.